Upole Si Unyonge: Nguvu Iliyofichika Katika Unyenyekevu

Mada hii ilitolewa katika semina ya siku mbili ya wainjilisti, watumishi wa miradi na wajumbe wa kamati za vijiji. Tunaichapa karibu yote kama ilivyosemwa, kwa sababu washiriki wengi waliomba wapate nakala ya kwenda kuijadili na wenzao.



Nawashukuru viongozi wetu kwa kunipa nafasi hii, na ninyi nyote mliosafiri kutoka mbali. Najua wengine mmeacha mashamba wakati wa palizi. Mungu awalipe.

Nimeombwa nizungumze juu ya unyenyekevu na upole katika maisha ya Mkristo. Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, nilimtajia mada hii mama mmoja, mjumbe wa kamati ya maji. Alicheka, akaniambia: "Mchungaji, hayo maneno wapelekee wakubwa. Sisi huku chini tumenyenyekea mpaka migongo inauma." Waliokuwa karibu wakacheka pia, lakini mimi niliona kwamba mama huyu amesema neno zito. Wako watu wengi wanaofundishwa unyenyekevu kila Jumapili, na wanaowafundisha ni wale wale wanaowakandamiza. Kwa hiyo sitaanza kwa kuwahimiza mwe wapole. Nitaanza kwa kuuliza upole wenyewe ni kitu gani, maana tukikosea hapo, mafundisho yote yatageuka kuwa mzigo.

Maneno mawili tusiyoyachanganya

Katika Kiswahili tuna neno "mpole" na tuna neno "mnyonge". Mnyonge ni mtu asiye na nguvu. Akipigwa harudishi, kwa kuwa hawezi. Mpole ni mtu mwenye nguvu ambazo zimetiwa hatamu. Akipigwa anaweza kurudisha, lakini ameamua njia nyingine. Kwa macho ya nje watu hawa wawili wanafanana, ila ndani wako mbali kama mashariki na magharibi.

Injili ya Mathayo iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumika katika heri ya tatu, Mathayo 5:5, ni "praus". Wagiriki walilitumia neno hilo hata kwa mnyama aliyefugwa akafundishwa, kama farasi. Farasi aliyefundishwa hajapoteza nguvu zake. Nguvu ni zile zile, ila sasa zinavuta gari mahali pa kuvunja uzio. Ninyi mnaolima kwa plau mnajua jambo hili. Maksai mpole si maksai dhaifu. Dhaifu hamfungi nira hata kidogo, mnamwacha zizini.

Wazee wetu nao waliliona. Walisema, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Hawakusema sungura mwenda pole. Walisema simba.

Unyenyekevu nao unafanana na upole, lakini si kitu kimoja. Upole unahusu jinsi ninavyozitumia nguvu zangu mbele ya mwenzangu. Unyenyekevu unahusu jinsi ninavyojiona mwenyewe mbele za Mungu. Mnyenyekevu hajidharau. Anajijua. Anajua alichopewa na anajua aliyempa, basi hana haja ya kujikweza wala ya kujifanya takataka. Mtu anayesema "mimi si kitu, mimi si kitu" kila anapopewa kazi, mara nyingine ni mnyenyekevu, na mara nyingine anaikimbia kazi.

Isaka na visima vyake

Kwa kuwa wengi wetu hapa tunashughulika na maji, naomba tufungue Mwanzo sura ya 26. Nitaieleza kwa maneno yangu, nanyi mtaisoma wenyewe jioni.

Palikuwa na njaa katika nchi. Isaka akakaa Gerari, kwa Wafilisti, akiwa mgeni. Akapanda, na mwaka ule ule akavuna mara mia. Akawa na makundi ya kondoo na ng'ombe na watumishi wengi. Wenyeji wakamwonea wivu. Wakavifukia kwa udongo visima vilivyochimbwa zamani na watumishi wa Ibrahimu baba yake. Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Katika nchi kavu, mtu anafukia kisima! Yuko tayari yeye mwenyewe akose maji, mradi jirani asiyapate. Hivyo ndivyo wivu ulivyo, na haujaisha vijijini mwetu.

Kisha mfalme Abimeleki akamwita Isaka akamwambia aondoke. Angalieni sababu aliyoitoa, katika mstari wa 16: kwamba Isaka amekuwa na nguvu kuliko wao. Neno hilo tusilipite haraka. Aliyefukuzwa ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi. Isaka hakuondoka kwa sababu alikuwa mnyonge. Angeweza kupigana, na kwa hesabu ya watu na mali huenda angeshinda.

Akaenda bondeni. Watumishi wake wakachimba, wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakaja wakasema maji ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, maana yake ugomvi, akakiacha. Akachimba kingine. Wakakigombania nacho. Akakiita Sitna, yaani uadui, akakiacha. Akasogea mbele, akachimba cha tatu. Hapo hawakuja. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi.

Mtu aliyetazama kwa mbali angesema Isaka ni mwoga. Visima viwili vimechukuliwa, naye anaondoka kimya! Lakini tuhesabu vizuri. Wale wachungaji walikuwa na nguvu ya kunyang'anya. Isaka alikuwa na nguvu ya kuchimba. Mwenye nguvu ya kunyang'anya anamtegemea aliyechimba, kwa sababu kama hakuna anayechimba hana cha kunyang'anya. Mwenye nguvu ya kuchimba hamtegemei mtu. Anaweza kuondoka na bado akaishi.

Na mwisho wake je? Mlangoni kwa Isaka alikuja nani? Alikuja Abimeleki mwenyewe, pamoja na rafiki yake Ahuzathi na Fikoli mkuu wa jeshi. Yule aliyemfukuza amekuja kuomba agano la amani, kwa kuwa ameona wazi kwamba Bwana yuko pamoja na Isaka. Isaka hakukaa kimya kana kwamba hakuna lililotokea. Aliwauliza, mbona mmenijia, nanyi mlinichukia mkanifukuza? Alilitaja kosa. Halafu akawaandalia karamu, wakala, wakanywa, na asubuhi wakaapishana wakaagana kwa amani. Siku ile ile watumishi wakaja na habari kwamba wamepata maji katika kisima kingine.

Hapo tunaona mambo matatu. Mpole ana nguvu, ila haziendeshwi na hasira. Mpole hasemi uongo juu ya ubaya aliotendewa. Na mpole anaacha mlango wazi, ili adui akitaka kurudi awe na mahali pa kuingilia. Mgomvi anaweza kushinda kesi ya kisima, lakini hawezi kumpata Abimeleki mezani pake.

Kiburi kina gharama

Sasa tugeukie kazi zetu. Wengine hudhani kwamba unyenyekevu ni jambo la ibada tu na maendeleo ni jambo la fedha na utaalamu. Historia ya nchi yetu inasema vingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulizunguka kwa wiki chache, ukarudi na taarifa kwamba karanga zinaweza kulimwa Tanganyika kwa wingi usiowahi kuonekana. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Yaliletwa matrekta mengi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti.

Kitu gani kilikosekana? Fedha zilikuwepo. Mashine zilikuwepo. Wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi chini na Wagogo akawauliza, "Ninyi mmeishi hapa miaka yote hii, nchi hii ikoje?" Wagogo walijua kwamba mvua ya Ugogo si ya kutegemea. Walijua kwa nini wao ni wafugaji. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Jua likiupiga unakauka kama sakafu, na karanga zilizo chini hazing'oleki. Mashine ziliharibika kwa kupambana na mizizi na udongo huo. Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 za wakati ule zilikuwa zimepotea. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikafanywa ranchi ya ng'ombe. Yaani baada ya gharama yote ile, nchi ilirudi kwenye mifugo, kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya tangu mwanzo.

Sisemi haya ili tuwacheke Waingereza. Ni rahisi kumcheka mzungu wa mwaka 1947. Swali ni kama sisi tunaoshuka na pikipiki ya mradi, na kalamu mfukoni, tunauliza kuliko yeye alivyouliza. Kiburi hakina rangi.

Unyenyekevu unajifunza

Tuchukue mfano mwingine, nao ni wa hapa hapa nchini. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umekaribia kuwa jangwa. Kwa miaka mingi misitu ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o, na ili kupata mashamba ya pamba, na kuni, na malisho. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waliujua kwa jina la HASHI.

Wataalamu wa mradi ule wangeweza kutegemea miche ya vitaluni peke yake. Lakini waliketi na wanakijiji, wakakuta kwamba Wasukuma wana desturi ya zamani iitwayo ngitili. Wakati wa mvua familia au kijiji hufunga eneo la malisho, mifugo isiingie, ili majani na miti vipate kuota. Kiangazi kikikolea wanalifungua kidogo kidogo. Na wana baraza lao, dagashida, la kuweka sheria na kumtoza faini anayevunja. Wataalamu wakainama, wakaitia nguvu desturi ile badala ya kuifuta.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wanawake wakapata kuni karibu na nyumbani, miti ya dawa ikarudi, ndege wakarudi, na watu wakapata nyasi za kuezekea. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa iitwayo Tuzo ya Ikweta.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Maarifa yalikuwa mvunguni, wala hayakuwa Ulaya au chuoni. Wasioinama hawakuyaona.

Sasa rudini kwenye Mathayo 5:5. Bwana anawaahidia wapole nini? Hawaahidii mbingu katika mstari huo. Anawaahidia nchi, yaani ardhi. Wengi wetu tumeisoma ahadi hiyo kama mafumbo. Lakini mtazame aliyekwenda Kongwa na vifaru, na umtazame aliyekwenda Shinyanga na masikio. Nani aliyepata nchi?

Katika 2 Wafalme 5 tunamwona Naamani, jemadari mkubwa wa Shamu, mwenye ukoma. Wokovu wake ulianza kwa neno la msichana mdogo aliyetekwa, aliyekuwa mtumishi wa mke wake. Alipokasirika akataka kurudi bila kuoga Yordani, waliomrudisha kwenye akili yake ni watumishi wake. Mara mbili uzima wake ulikuwa midomoni mwa watu wadogo. Angewapuuza, angekufa na ukoma wake pamoja na cheo chake. Kila mradi una msichana wa Naamani. Ni nani katika kijiji chako? Je, anahudhuria mikutano? Na akihudhuria, anapewa nafasi ya kusema, au yuko jikoni akipika chakula cha wageni?

Je, mpole anyamaze?

Nimefika kwa yule mama wa asubuhi. Swali lake nililielewa hivi: je, mke anayepigwa anyamaze kwa sababu ni Mkristo? Mfanyakazi asiyelipwa mshahara anyamaze? Wanakijiji wanaoporwa ardhi wanyamaze kwa jina la upole?

Nawajibu kwa Maandiko. Katika Matendo 16, Paulo na Sila walipigwa fimbo hadharani huko Filipi, bila kuhukumiwa, wakatupwa gerezani. Asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu wawafungulie waondoke kimya kimya. Mtu mwenye mafundisho mabaya ya upole angesema "Haleluya" akaenda zake. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, basi hawatatolewa kwa siri. Waje wakuu wenyewe wawatoe. Wakaja kwa hofu, wakawasihi. Paulo hakuomba wakuu wale wapigwe nao. Hakudai fedha. Alidai kweli isemwe mbele ya watu, pengine kwa ajili ya waumini wachanga waliokuwa wakibaki katika mji ule, akina Lidia na wenzake, wasije wakaonekana ni wafuasi wa wahalifu.

Na Bwana Yesu mwenyewe, mpole kuliko wote, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18, hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Aliuliza: kama amesema vibaya, uonyeshwe ubaya huo, kama amesema vema, kwa nini apigwe? Upole haukumzuia kuuliza swali.

Kanisa la Afrika Mashariki lina shahidi wa jambo hili. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Acholi, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1948 aliokoka katika Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu, na ambao ulifundisha watu kukiri dhambi zao wazi na kuombana msamaha, mmisionari na Mwafrika, bwana na mtumishi. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Wakati huo Idi Amin alikuwa akitawala na watu walikuwa wakipotea. Luwum hakuchukua bunduki. Alikwenda ofisi za serikali kuulizia waliokamatwa. Mwanzoni mwa Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake usiku, wakidai wanatafuta silaha. Hawakuona kitu. Maaskofu wakaandika barua kwa Rais. Ilikuwa barua ya heshima, lakini ilitaja mauaji na uonevu bila kuficha. Tarehe 16 Februari 1977 Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Askofu mwenzake, Festo Kivengere, alikimbilia Rwanda pamoja na mkewe. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu chake, ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa. Lakini Kivengere hakuwa akisema kwamba Amin ametenda vema. Alikuwa akikataa chuki isimfanye yeye kuwa Amin wa pili. Utawala ule ulianguka mwaka 1979. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, kumkumbuka mtu ambaye hakuwa na hata bunduki moja.

Kwa hiyo, mama yangu, na wote mliocheka naye: kunyamaza kwa hofu si upole. Kumwambia mke aliyeumizwa "nyenyekea tu" si kuhubiri Injili, bali ni kumsaidia anayepiga. Anayepaswa kuhubiriwa upole kwanza ni mwenye fimbo mkononi. Aliyeumizwa tumpe ulinzi na tumpeleke mahali pa kusaidiwa, ofisi ya kijiji, polisi, hospitali, na tuende naye. Upole utamhusu atakapochagua namna ya kusema kweli yake bila kutamani kuangamiza. Hilo ni jambo zito, na hatuna haki ya kulidai kwake huku tumemwacha peke yake.

Nguvu hii inatoka wapi?

Mtu atauliza, nani awezaye mambo haya? Tazameni Yohana 13. Kabla ya kueleza jinsi Yesu alivyovua vazi lake na kujifunga kitambaa, mwandishi anatuambia kile Yesu alichojua: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Halafu ndipo akaondoka mezani, akatia maji, akaanza kuwaosha miguu.

Yesu alichukua beseni akijua vizuri yeye ni nani. Petro na wenzake hawakuweza kulichukua, kwa kuwa Luka anatuambia kwamba usiku ule ule walikuwa wakishindana nani mkubwa. Asiye na hakika na ukubwa wake hawezi kuinama, anaogopa akiinama hataonekana tena. Aliye na hakika anaweza kuinama mpaka chini na hapungukiwi kitu.

Hapo ndipo chanzo. Kiburi, tukikichunguza, ni hofu iliyovaa koti. Meneja anayefoka mbele ya wafanyakazi anaogopa wataona hajui. Mwenyekiti anayeficha vitabu vya hesabu anaogopa. Mhubiri anayekasirika akiulizwa swali anaogopa. Aliye mwana wa Baba ameondolewa hofu hiyo. Anaweza kusema "sijui", "nifundishe", "wewe unajua kuliko mimi", na usiku akalala usingizi.

Tufanye nini?

Nimalize kwa mambo matano ya kufanya tukirudi makwetu.

Kwanza, tusikilize kabla ya kupanga. Katika kila mradi, mkutano wa kwanza uwe wa maswali peke yake. Fomu za bajeti zibaki kwenye mkoba. Na tuwatafute wale wasiosema: wanawake wanaochota maji, vijana, walemavu, wazee.

Pili, tufungue vitabu. Mwenye kutunza fedha za kikundi asingoje kuombwa. Asome mapato na matumizi mbele ya wanachama kila robo mwaka, na akiulizwa asiseme "hamniamini?" Kukubali kukaguliwa ni unyenyekevu unaoonekana kwa macho.

Tatu, tuwe wazito wa kujibu. Ugomvi wa mpaka au wa zamu ya maji ukizuka, tujipe usiku mmoja. Mithali 15 inatufundisha kwamba jibu la upole hugeuza hasira. Neno lililosemwa kwa hasira saa kumi jioni huchukua miaka kumi kulirudisha.

Nne, tutoe sifa kwa wenyewe. Taarifa ya mradi isiandike kwamba shirika "lilichimba kisima" ikiwa wanakijiji ndio waliobeba mawe na mchanga. Tuandike kilichofanyika na nani alikifanya.

Tano, tusiache kuchimba. Isaka alipoacha Eseki hakukaa kulia, wala hakukaa kungoja msaada. Alichukua jembe. Huenda kuna kisima ulichonyang'anywa, iwe nafasi ya uongozi, au shamba, au jina lako zuri. Kama haki inaweza kudaiwa, idai kwa njia ya kweli, kama Paulo. Kama haiwezekani leo, usimalizie maisha yako ukingoni mwa Sitna. Mbele kuna Rehobothi, na maji yake hayapatikani mpaka mtu achimbe.

 Mungu wa Isaka awape nguvu za kuinama na nguvu za kusimama, na hekima ya kujua wakati wa kila moja. Amina.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kijiji au usharika wetu, tunatofautishaje mpole na mnyonge? Toeni mifano bila kutaja majina.
2. Ni mradi gani katika eneo letu ulioshindwa kwa sababu wenyeji hawakuulizwa? Na ni upi uliofaulu kwa sababu waliulizwa?
3. Mtu anayeonewa akija kwetu, huwa tunamwambia nini? Baada ya somo hili, tumwambie nini na tumfanyie nini?
4. Ni "kisima" gani tunachokigombania hadi leo, wakati tungeweza kuchimba kingine?